Mbwa yuko kwangu siku ya tatu, waliomdai ni wawili. Nitamjuaje mwenyewe?

Kona ya Geti

Habari zenu wakuu. Nimefika mahali sijui la kufanya, na kila ninayemuuliza hapa mtaani ana jibu lake.

Juzi alfajiri nilifungua geti nikamkuta mbwa amejikunja kwenye kona ya ukuta, pale mvua isipofika. Ni jike, kahawia iliyofifia, kifua cheupe, ncha ya sikio la kushoto imekatika, jeraha la zamani lililokwisha kupona. Ana mkanda wa ngozi shingoni, umechakaa, hauna jina wala namba. Si mbwa wa kuzurura, hilo naliona: hana kupe, na nikimwambia "kaa" anakaa. Alikunywa maji bakuli mbili mfululizo, kisha akalala kama aliyetembea usiku kucha.

Nikampiga picha nikaituma kwenye kundi la mtaa na maelezo yote: jinsia, kifua, sikio, mkanda, na nyumba yangu ilipo. Haikupita saa moja simu zikaanza. Wa kwanza mwanamume, alisema "huyo wangu, nakuja kumchukua usiku". Nilipomuuliza jina la mbwa akakata simu. Akapiga tena baadaye, akasema anaitwa Simba. Wa pili ni mama mmoja, anasema mtoto wake hali vizuri tangu mbwa wao apotee, na mbwa anaitwa Lulu. Hana picha, simu yake ya zamani iliharibika na kila kitu kilikuwa humo. Nilimwita Lulu, akainua kichwa. Nikamwita Simba, akainua kichwa. Nikamwita kwa jina la dada yangu, akainua kichwa vilevile.

Jirani wa kulia ananiambia nimpe aliyepiga kwanza niondokane na mzigo. Jirani wa kushoto anasema nimfungulie tu, mbwa anajua kwao. Na mwanangu wa miaka 7 ameshaanza kumlisha kwa mkono, nami nina hofu ya magonjwa.

Nimjueje mwenye mbwa? Na akitokea mwingine kesho, sisi kama mtaa tujipange vipi ili tusirudi kwenye vurugu hii?

Daftari la Mwalimu

Mwanangu, kwanza asante kwa kumfungulia. Pili, usimpe mtu yeyote leo. Na usimfungulie nje. Mbwa aliyefika kwako amechoka na ana kiu amekwisha kujaribu kurudi kwao akashindwa. Ukimtoa utakuwa umempoteza mara ya pili, na safari hii hakuna ajuaye alipo.

Nieleze kwa nini nasema kwa uhakika. Miaka kadhaa iliyopita mbwa wangu Tumaini aliruka ukuta usiku wa fataki. Nilibandika matangazo, nilituma picha, nilitembea mpaka viatu vikaachia soli. Siku 11. Siku ya kumi na moja mtoto wa shule aliniambia, "Mwalimu, mbona mbwa wako yuko kwa yule mama fundi cherehani?" Nikaenda. Tumaini alikuwa uani kwake, amelishwa, amewekewa gunia la kulalia. Mama yule naye alikuwa ametangaza kwenye kundi la mtaa wao, ameuliza kanisani, ameuliza sokoni. Kati ya geti langu na lake ni mitaa minne. Mimi nilikuwa natafuta mbwa, yeye alikuwa anatafuta mwenye mbwa, na siku zote hizo tulikuwa tumepeana migongo.

Tangu siku ile nina daftari. Ukurasa wa kushoto naandika waliopotea, wa kulia walioonekana au kuokotwa. Jina silitilii maanani sana, naandika siku, saa, mahali, ukubwa, rangi, jinsia, alama. Kila kinachoingia upande mmoja nakisoma mbele ya upande wa pili, na narudi nyuma wiki tatu, nne, kwa sababu mnyama anaweza kupotea leo akaonekana mwezi ujao. Mara nyingi kazi nzima ni hiyo. Watu wanadhani kinachokosekana ni huruma. Mtaani kwangu huruma ipo tele, kinachokosekana ni hao wawili kukutana.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ningeligeuza. Umeshawasikiliza waliokupigia. Je, ni nani anayemtafuta mbwa huyu na hayumo kwenye kundi lenu? Mzee asiye na simu ya intaneti, mlinzi wa zamu ya usiku, mtu wa ng'ambo ya barabara kuu ambaye kundi lake ni lingine kabisa. Wewe hujui mbwa ametembea kutoka wapi. Andika tangazo la karatasi, herufi kubwa mtu azisome akiwa anapita bila kusimama: MBWA AMEOKOTWA, rangi, tarehe, namba ya simu, basi. Bandika vituo vya mabasi, dukani, kwenye geti la shule, kwa daktari wa mifugo, na pande zote mbili za barabara. Waambie walinzi, wauza magazeti, waokota taka na watoto. Hao wanatembea na wanaona. Mimi watoto wamenirudishia wanyama wengi kuliko simu yangu.

Sasa hawa wawili. Kosa lililofanyika ni kutoa alama zote hadharani, na karibu kila mtu hulifanya, usijilaumu. Anayetaka kukudanganya anakusomea tangazo lako mwenyewe. Lakini bado hujachelewa. Mchunguze leo taratibu, akikubali kuguswa: tumbo, ndani ya mapaja, kati ya vidole, meno, ndimi nyingine zina madoa meusi, na huo mkanda ugeuze uutazame nyuma. Ukikuta kitu kisichoonekana kwenye picha, kiandike mahali na usimwambie mtu, hata hapa. Akija anayemdai usimuulize "ana doa tumboni?" maana atasema ndiyo. Mwambie: nieleze mbwa wako. Kisha nyamaza. Mwenye mnyama huanza kukueleza vitu ambavyo hukuvifikiria, anaogopa nini, analalaje, aliumia lini.

Aje mchana, na wewe uwe na mtu mzima mwingine. Anayetaka kuja usiku tu, mwambie mchana. Kama ni wake atakuja mchana.

Huyo mama asiye na picha usimfute. Muulize kama ndugu au jirani ana picha yoyote ambayo mbwa ametokea kwa nyuma, picha ya sherehe, ya mtoto akicheza. Au kadi ya chanjo. Na hata akiwa hana, mwache aje amwone.

Bega kwa Bega

Nafanya kazi kliniki ya wanyama, si daktari ila namsaidia daktari. Nitasema mawili.

La kwanza ni mtoto. Asimlishe kwa mkono kwa sasa, na mbwa akae sehemu yake mbali na mbwa au paka wengine wa nyumbani. Hujui kama amechanjwa. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, 99 kwa 100, chanzo chake ni mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu karibu hakuna anayepona. Akimng'ata au kumparura yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sisemi hivi ili umfukuze. Mbwa unayemweleza anasikika mzima, ila mtoto wa miaka 7 hawezi kusoma dalili.

La pili, mpeleke akapimwe chipu. Ni kitu kidogo mfano wa punje ya mchele, huwekwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Haina betri na haionyeshi mnyama yuko wapi, watu wengi wanachanganya hapo. Inakaa kimya mpaka kifaa cha kusomea kipitishwe juu yake, ndipo inatoa namba, kwa kawaida tarakimu 15. Namba hiyo inatafutwa kwenye kumbukumbu za waliosajili, na huko ndiko liliko jina na simu ya mwenyewe. Mwombe daktari apitishe kifaa polepole mabegani, shingoni, ubavuni hadi miguu ya mbele, maana chipu nyingine husogea kidogo na miaka.

Inafanya kazi? Marekani mwaka 2009 walichapisha utafiti wa vituo 53 vinavyopokea wanyama waliopotea. Kwa jumla mbwa waliorudi kwao walikuwa kama 22 katika kila 100. Wenye chipu, 52. Kwa paka tofauti ni kubwa zaidi: kwa jumla hawakufika wawili katika 100, wenye chipu 38. Na pale ambapo mnyama alikuwa na chipu lakini mwenyewe hakupatikana, sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu iliyokosewa au isiyopatikana tena. Hilo huniuma kila nikiliona. Mtu amelipia chipu, amebadilisha laini, hakuwaambia wanaotunza kumbukumbu. Ukibadilisha namba, chipu ya mnyama wako nayo ibadilishiwe siku hiyo.

Ndege nao wasisahauliwe. Kasuku wengi wana pete mguuni yenye namba. Mwaka 2008, Nagareyama huko Japani, kasuku mmoja wa kijivu aliokotwa akapelekwa polisi, akakaa kimya. Alipohamishiwa kwa daktari wa wanyama akazoea baada ya siku chache, akaanza kutaja jina lake na anwani ya nyumbani. Wakaenda kwenye anwani ile wakawakuta wenyewe.

Tochi Mkononi

Mimi nasema na wanaosoma hapa wakiwa wamepoteza paka, maana ushauri wa mbwa ukiufuata kwa paka utapoteza siku za maana.

Paka wangu Mwezi ni wa ndani, hajawahi kutoka. Fundi aliacha mlango wazi. Nilizunguka na pikipiki mitaa sita nikiita jina lake. Siku ya nne usiku nilikata tamaa, nikakaa nje na tochi, nikamulika chini ya ngazi za jirani. Macho mawili yakawaka kijani. Hatua 20 kutoka mlangoni kwangu. Alikuwa amenisikia siku zote nne nikiita, na hakutoa hata mlio.

Paka aliyeogopa hujificha na kunyamaza, hata kwa anayempenda. Kuna utafiti wa 2018 uliochukua maelezo ya paka zaidi ya 1,200 waliopotea: robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500, na wale wasiotoka nje kabisa nusu yao walikuwa kwenye mita 39 au chini ya hapo. Thuluthi moja walipatikana ndani ya siku 7. Kwa hiyo anza na nyumba yako na za majirani wanaokupakana. Omba ruhusa uingie MWENYEWE utazame. Jirani akikwambia "hayupo stoo" ana maana hajamwona alipopita, wala hakuinama kutazama nyuma ya mabati. Nenda saa za usiku mitaa ikitulia, shika tochi usawa wa macho yako, mulika chini ya magari, darini, ndani ya mitaro.

Mengine mwalimu ameshasema.

Haki ya Mwenye Mali

Naomba kutofautiana na mwalimu kwa heshima. Mimi nilipoteza mbwa, nikampata kwa mtu, na yule mtu alinihoji nusu saa kama mwizi. Nimelala siku tano bila usingizi, nafika mbwa wangu ananirukia, bado naulizwa kadi ya chanjo. Nilijisikia vibaya mno. Mnyama mwenyewe ndiye shahidi. Akimkimbilia mtu, mpe.

Daftari la Mwalimu

Pole sana ndugu yangu, na naelewa. Siku naonana na Tumaini ningeulizwa maswali ningelia. Lakini nakuomba unisikilize kwa hili.

Mbwa mchangamfu humrukia yeyote mwenye sauti nzuri na kitu mkononi. Na kuna jambo watu hawalitegemei: mbwa aliyekaa siku nyingi na hofu anaweza kumwona mwenyewe akarudi nyuma, mkia katikati ya miguu, hadi apate harufu. Tumaini aliniangalia kama mgeni. Nilikaa chini, ubavu ubavu, bila kumkazia macho wala kumwita, nikasubiri. Ilichukua kama dakika kumi ndipo pua ikafika kwenye kiganja changu, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka. Kama mama fundi angefuata kanuni ya "akimkimbilia mpe", mbwa wangu nisingepewa.

Na ndiyo maana pia ukimwona mnyama aliyepotea barabarani usimkimbize. Unamsukumia kwenye magari. Kaa chini mbali naye, tazama pembeni, piga picha, andika saa na alikoelekea, mpigie mwenyewe.

Kuhusu kuhoji, lugha ndiyo dawa. Mimi huanza hivi: "Nisamehe nitakuuliza, sababu nataka nikupe nikiwa na amani." Mpaka leo sijamwona mwenye mnyama aliyekasirika baada ya hapo. Wengine hata wamenishukuru, maana wangependa mbwa wao aulizwe hivyohivyo kwa mtu mwingine.

Jambo jingine linalowapata waliopoteza: mtu atakupigia aseme ninaye mnyama wako, tuma pesa ya matibabu au ya usafiri kwanza. Usitume. Mwombe picha aliyopiga leo, na umuulize ile alama uliyoiacha nje ya tangazo. Tangazo la aliyepoteza nalo liache jambo moja.

Kona ya Geti

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Narudi na majibu, ni siku ya tisa sasa.

Kliniki walipitisha kifaa mara mbili, hana chipu. Daktari alimkagua akasema ni mzima, ila ametoka kunyonyesha si zamani. Mwanangu tumemwekea utaratibu, anamwekea maji kwa nje ya wavu tu.

Nilimwambia yule mwanamume aje saa nne asubuhi anieleze mbwa wake. Hakuja, na simu haipokelewi tena.

Mama wa Lulu alikuja na mtoto wake. Nilikuwa nimejiandaa kumhoji, lakini aliposimama getini tu akashika mdomo. Akasema taratibu, "Siye." Mtoto akachuchumaa akamwangalia mbwa muda mrefu, kisha akamuuliza mama yake kama Lulu naye ana mtu anayempa maji. Sikuwa na jibu. Yule mama hakuwa mwongo hata kidogo, wakuu. Aliona picha ya mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, na alikuwa anamhitaji awe yeye.

Basi nikafanya ya mwalimu. Karatasi 30, nusu nikazibandika ng'ambo ya barabara kuu. Siku mbili kimya. Jana mlinzi wa kituo cha mafuta akanipigia, kuna mzee anapita kila asubuhi na kamba mkononi, kamba tupu, anauliza mbwa. Hana simu ya intaneti. Amekuwa akitembea siku zote hizi, na hajawahi kuvuka barabara kwa sababu alisema mbwa wake anaogopa malori, hawezi kuwa amevuka.

Nilimwomba anieleze. Alianza na sikio, sikushangaa, lipo kwenye karatasi. Kisha akasema, "Mkanda wake una matundu matano ya kiwandani na la sita nililitoboa mimi kwa msumari, limepinda. Alikonda sana akinyonyesha, mkanda ukawa unamvuka." Hilo ndilo nililokuwa nimeliweka kando. Nilikuwa nimeliona nilipougeuza mkanda, sikuwa nimemwambia hata mke wangu.

Anaitwa Subira. Alipomsikia mzee akikohoa nje ya geti, kabla hata sijafungua, alikuwa ameshasimama.

Mzee nimemwandikia namba ya jirani yake kwenye mkanda kwa wino usiofutika, upande wa ndani na wa nje. Na daftari limefunguliwa. Tumekubaliana liwe dukani, kwa sababu kila mtu anafika pale, mwenye simu na asiye na simu, na mtaa wa ng'ambo watakuwa na lao. Kila Jumamosi mmoja wetu atavuka na kulinganisha.

Mstari wa kwanza upande wa kushoto ni Lulu. Jike, kahawia, kifua cheupe, mkia umepinda kuelekea kulia, mkubwa kidogo kuliko Subira, anaogopa pikipiki, alipotea wiki tatu zilizopita jioni. Jambo moja nimeliacha, mama yake analijua. Kama kuna aliyemwona anijulishe.

Daftari la Mwalimu

Marahaba mwanangu. Wiki tatu si nyingi. Muulize yule mama, Lulu alikuwa amevaa nini shingoni siku ile, na kama kuna nguo aliyoilalia ambayo haijafuliwa aiweke nje mlangoni usiku. Halafu nitumie ile alama iliyobaki kwa ujumbe wa pembeni. Nina mbwa watatu wa kahawia upande wa kulia tangu mwezi uliopita, na kwa mmoja wao, mtu aliyeniletea taarifa hakuangalia mkia. Naenda kumuuliza mtu huyo kesho asubuhi.